Siku Mabula Alipompokea Nesi Holo Mzigo

Mnaniuliza, vijana, kwa nini kila mnaponipigia simu kuhusu seva swali langu la kwanza huwa lile lile: "Ndani yake kuna nini?" Wengine mnacheka. Mmoja wenu wa Maswa, simtaji jina, alinijibu hivi: "Mama Kulwa, wewe umestaafu lakini swali lako bado liko kazini." Sawa, cheka. Leo nina nafasi, pamba yangu hapa Nkololo nimeshapalilia, wajukuu wako shule. Nitawaeleza swali hilo lilitoka wapi. Lilitoka kwa nesi mmoja wa upande wa Bukundi, anaitwa Holo, aliyekuja Bariadi na majina ya wagonjwa wake wote ndani ya mashine moja, na sisi nusura tuyafute huku tunamkaribisha chai.

Lakini nikianza na Holo hamtaelewa, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Ofisi yetu ilikuwa Bariadi mjini, chumba kimoja nyuma ya ghala. Tulikuwa tunaandaa seva ndogo za zahanati na shule za mkoa. Seva isiwatishe. Ni kompyuta kama nyingine, ila hii inahudumia kompyuta wenzake badala ya mtu aliyekaa mbele yake. Tuliziwekea Linux, ule mfumo unaoiendesha kompyuta, tukaweka programu ya zahanati au ya shule, dereva wetu Mabula akazipakia garini, zikaenda Meatu, Itilima, Busega, kokote zilikohitajika.

Mwanzoni tulikuwa tunapiga Linux kwa sidii, zile sahani za CD, baadaye kwa flashi. Vitabuni wanasema kusakinisha. Chumbani kwetu ilikuwa kupiga, kama mafundi wanavyosema kupiga window, na sioni sababu ya kubadilisha leo. Unachomeka sidii, unakaa mbele ya kioo, mashine inaanza kukuhoji. Lugha gani? Unajibu. Kibodi ya aina gani? Unajibu. Saa za wapi? Dar es Salaam. Diski nigawe vipi? Nywila ya msimamizi? Irudie. Ukimaliza unahamia mashine ya jirani, nayo inaanza: lugha gani? Na mkono ukichoka unakosea. Kuna shule moja seva yao ilikuwa inasoma saa za Ulaya kwa sababu kidole kiliteleza mstari mmoja. Mwalimu wa taaluma akawa anaona wanafunzi wameingia darasani jua halijachomoza, akawasifu kwanza, ndipo akashtuka.

Mzee Shija ndiye aliyenitoa kwenye mateso hayo. Alikuja kwetu akitokea Maswa. Ujana wake ulikwenda kwenye jineri, akitengeneza mota za mashine za kuchambua pamba, halafu akajisomesha kompyuta akiwa ameshaota mvi. Mtu wa kusema taratibu, anakohoa katikati ya maneno kwa ajili ya lile vumbi la pamba alilolimeza miaka yote. Siku yake ya kwanza alikaa ananitazama tu nikijibu maswali ya mashine. Jioni ndiyo akafungua mdomo.

"Mama Kulwa, majibu yako huwa yanabadilika?"

"Hayabadiliki."

"Sasa kwa nini usiyaandike mara moja, mashine zikasome zenyewe? Mimi ni mvivu. Swali nikishalijibu sitaki kuliona tena."

Nilimdharau kidogo moyoni, niseme ukweli. Lakini wiki haikuisha nikawa nimekaa miguuni pake kama mtoto wa darasa la kwanza.

Twende polepole hapa, maana hapa ndipo vijana wengi mnatikisa kichwa kama mmeelewa na hamjaelewa. Kompyuta ikiwashwa inatafuta mahali pa kuanzia. Inaweza kuanzia kwenye diski yake. Inaweza kuanzia kwenye flashi. Lakini pia ukiiambia, inaweza kuanzia kwenye waya wa mtandao. Inapiga hodi kwenye waya: mimi nipo, sina anwani, kuna mwenyeji humu? Kama kuna mashine iliyopewa kazi ya kuitikia, inaitikia: karibu, anwani yako hii, chukua hiki kifaili kidogo uanzie hapo. Kile kifaili kinaamsha kisakinishi, kisakinishi kinakwenda kuchukua faili la majibu, na humo kila swali lina jibu lake. Lugha, saa, nywila, diski igawanywe vipi, programu zipi zikae. Wewe unakunywa chai.

Ile mashine ya kuitikia ilikuwa kompyuta kuukuu iliyokaa chini ya meza, feni inakoroma. Tuliiita Mwenyeji. Ndani yake Mzee Shija aliweka pia nakala ya vifurushi vyote vya Linux, yaani mafaili ya programu zake, kwa sababu intaneti ya Bariadi siku hizo ilikuwa ya kubembeleza, na huwezi kuwa na mashine kumi zinavuta kitu kile kile kutoka ng'ambo. Shikeni hilo. Vifurushi viwe karibu na mashine, waya mzuri, na swichi nzuri, kile kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao. Mengine ni madoido.

Sasa niwaambie lililonichekesha tangu siku ya kwanza. Sisi Wasukuma mnatujua kwa salamu. Mtu akipiga hodi asubuhi ni mwangaluka, mchana mwadila, halafu wewe ni mwana wa nani, umetoka upande gani, ng'ombe hawajambo, mvua imefika kwenu? Mpaka mgeni aseme shida yake, maji ya kunywa yameshaisha kikombeni. Mwenyeji wetu hakuwa na hayo. Kwake ilikuwa hodi, karibu, vua nguo zote, oga, vaa sare. Mashine iliyopiga hodi ilifutwa diski yake yote na kuandikwa upya, bila kuulizwa imetoka wapi. Na sisi ndivyo tulivyotaka. Swali la "una hakika unataka kufuta?" tulilijibu ndiyo ndani ya faili la majibu, tukafurahi kuwa halitatusumbua tena.

Kulikuwa na vituko, msidhani tulianza tu mambo yakanyooka. Siku moja mashine zote ziligoma. Zinapiga hodi, zinapata anwani, halafu zinaduwaa. Tulikagua Mwenyeji, mzima. Tulikagua faili la majibu, zima. Mzee Shija akakohoa, akauliza, "Nani mwingine anaitikia humu ndani?" Tukafuata waya mmoja mmoja kwa mkono, nyuma ya kabati tukakuta kikasha cha waifai kimechomekwa kwenye swichi yetu. Mtu wa ofisi ya jirani alitaka mtandao kwenye simu yake. Kile kikasha nacho kilikuwa kinagawa anwani, na kilikuwa chepesi kuliko Mwenyeji, kwa hiyo mashine ikipiga hodi inakaribishwa na mtu asiye na chakula. Hilo nalo mlishike. Mashine ikipata anwani halafu ikasimama, usianze kubomoa mipangilio yako. Tafuta nani ameitikia.

Na umeme. Umeme wa kwetu mnaujua. Seva ikimaliza kupigwa Linux inajiwasha upya, na ikiwaka inapiga hodi tena kama ilivyoambiwa, na kama waya wa mtandao bado umo, Mwenyeji anaikaribisha tena. Kwa hiyo tuliweka utaratibu: ikimaliza, inajizima kabisa, unachomoa waya wa mtandao ndipo unaiwasha. Siku moja tulikwenda kula, umeme ukakatika na kurudi, ukakatika na kurudi, na zile mashine zilikuwa zimepangwa kuwaka zenyewe umeme ukirudi. Tulivyorudi, seva iliyokuwa imekamilika asubuhi ilikuwa inazaliwa upya kila TANESCO wakirudi. Tulicheka sana. Hatukuona kwamba kuna hatari imelala pale.

Mtauliza kwa nini hatukuzibadilisha zianzie kwenye diski zikishakamilika. Uvivu mzuri wa Mzee Shija, na mimi nilikubaliana naye. Huko zahanati hakuna Mwenyeji. Seva ikiwaka Bukundi inapiga hodi kwenye waya, haiitikiwi, inageukia diski yake, kazi inaendelea. Na siku tukitaka kuipiga upya, tunairudisha Bariadi, tunaichomeka tu, hatugusi chochote. Tuliona ni ujanja.

Sasa Mabula. Huyu alikuwa dereva, umri wangu, mtu mpana, mpole, mwenye sauti ya mwimba kwaya, na ndivyo alivyokuwa kweli kila Jumapili. Ndiye aliyepokea mashine mpya zikija na kuzipeleka zikikamilika. Tulivyoweka ile njia ya mtandao tukamfundisha na yeye. Chochote kikiingia chumba hiki, chomeka waya wa umeme, chomeka waya wa mtandao, bonyeza kitufe, ondoka. Alijua kazi yake vizuri kuliko sisi, hakuwahi kusahau waya. Pale kwa mama muuza chai alikuwa anatamba, "Leo nimepiga Linux mashine sita, na bado mnaniita dereva tu." Tulijivunia. Kazi iliyokuwa inanikausha macho siku nzima sasa ilifanywa na mtu anayepita tu akiimba.

Siku aliyokuja Nesi Holo ilikuwa karibu na adhuhuri. Alitoka kwao kabla hakujapambazuka, akapakata seva kwenye basi njia nzima, ameifunga na kitenge. Mashine ilikuwa inazima yenyewe. Inawaka, inafanya kazi kidogo, inazima. Kumbe feni ya ndani ilikufa, inapata joto na kujilinda. Hayo tulikuja kuyajua baadaye.

Mnajua mtu akija na mzigo mikononi. Unaanzaje kumsalimia kabla hujampokea? Mabula alikuwa mlangoni. Alimwona, akaacha alichokuwa anafanya, akanyoosha mikono miwili.

"Karibu sana dada, lete mzigo. Mwadila."

"Mwadila, kaka. Wabeja, asante."

Akampokea. Nami nikatoka nikamshika mkono, nikamwingiza ofisini kwangu, nikaagiza maji, chai na michembe, vile viazi vyetu vya kukausha. Mzee Shija akaja. Holo tulimfahamu kwa simu tu, kwa hiyo salamu ilikuwa ndefu. Mama yake anaendeleaje, mto umeshuka, pamba ya kule imeota? Alisema masika yale barabara ilikatika, ndiyo maana Mabula hakuwahi kufika kuchukua nakala kwenye flashi kama anavyofanya kwa wengine. Mtandao wa simu nao kule ulikuwa umelala, hakuna kilichotumwa makao makuu. Nilimsikitikia, nikammiminia chai nyingine. Mimi nilidhani amekuja kuomba seva mpya. Wala sikuuliza, kwa sababu mgeni hajamaliza kikombe, unamuuliza shida yake ili iweje?

Alipomaliza akaweka kikombe chini, akasema, "Basi mayu, mama yangu, nimewaletea ile seva yetu, inazima zima. Mniangalizie, lakini msiiguse ndani. Wagonjwa wangu wote wamo humo, na nakala sina."

"Wote wepi?" nikauliza.

"Wa dawa za kila siku. Presha, kisukari, kifafa. Na wale wengine ambao mtu hapendi jirani ajue. Madaftari yetu ya zamani yaliliwa na mchwa, mnajua hiyo habari, ndiyo maana tulihamia kwenye kompyuta. Kesho ni siku ya kliniki, wengine wanatoka kwenye makambi ya ng'ombe mbali. Kuna mtoto wa kifafa dozi yake tumeibadilisha juzi juzi. Ile huwezi kuibahatisha."

"Mashine yenyewe iko wapi?" Mzee Shija aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshabadilika.

"Si yule kaka amenipokea."

Mimi ni mtu mzito, na ofisini mama wa umri wangu hakimbii. Siku ile nilikimbia, kanga ikabaki kwenye kiti. Chumbani tulimkuta Mabula ameinama, anabonyeza kitufe cha seva ya Holo, nyaya zote mbili zimechomekwa vizuri sana.

"Hii inasumbua," akatuambia akitabasamu. "Nimeianzisha, inakwenda kidogo inazima. Naianzisha tena."

Mzee Shija alipiga magoti, kwa miaka yake ile, akachomoa waya wa umeme ukutani, halafu wa mtandao. Kisha akabaki amekaa pale sakafuni ameushika ule waya. Mabula akamtazama, akanitazama mimi, akamtazama Holo aliyekuwa amesimama mlangoni. Tabasamu likamwondoka polepole.

"Nimempokea mgeni mzigo tu, Mama Kulwa," akasema. "Nikafanya kama mlivyonifundisha."

Na ilikuwa kweli. Hakuna alichokosea. Alimpokea mgeni kama tulivyolelewa wote, na alichomeka kama tulivyomwelekeza. Sisi ndio tuliofundisha mashine kupokea bila kuuliza, tukaisifia.

Holo hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliuliza tu, "Mnaniambia watu wangu hawapo?" Mzee Shija ndiye aliyejibu akiwa bado chini, "Nesi, sijui. Usinihesabie hawapo mpaka nikuambie mimi."

Hapa sasa sikilizeni kama mafundi, maana iko siku itawafika. La kwanza alilofanya ni kutofanya kitu. Hakuiwasha tena "aone." Diski iliyofutwa ukiiwasha ndani ya mashine yake, kila dakika inaandika juu ya kilichobaki. Aliitoa ile diski, akaifunga kwenye mashine nyingine iliyokuwa mbali na swichi yetu, akaipiga marufuku kuandikwa, akaanza kunakili diski nzima, tangu mwanzo hadi mwisho wake, kwenda kwenye diski nyingine tupu. Pamoja na zile sehemu zinazoonekana tupu. Ile ya Holo ikatolewa, ikafungwa kwenye karatasi, ikawekwa kabatini. Kazi yote ifanyike kwenye nakala. Ukikosea kwenye nakala unanakili tena, ukikosea kwenye yenyewe unakwenda kuwaeleza wenye wagonjwa wao.

Kunakili kulichukua mchana wote. Holo alipiga simu kwao, nilimsikia akimwambia mhudumu mwenzake, "Kesho wakija usimrudishe mtu nyumbani. Waambie wasubiri. Wape chai." Halafu akakaa kwenye kiti karibu na ile mashine, mikono mapajani, akitazama kioo kisicho na kitu cha kutazama. Mabula alikaa sakafuni upande wa pili. Nilimwambia aende akale, hakuinuka.

Wakati ule tunasubiri ndipo tulipobadilisha kila kitu. Mzee Shija alikaa kwa Mwenyeji, mimi pembeni yake. Sikuweza kukaa bure. Niwaambie tulichofanya, na hadi leo ndivyo ninavyowataka mfanye. Kadi ya mtandao ya kila mashine ina namba yake, haifanani na ya nyingine. Tukamwambia Mwenyeji: mashine ikipiga hodi, soma namba yake. Kama hatujaiandika sisi wenyewe kwamba ni mpya na ni tupu, iambie ianzie kwenye diski yake. Mgeni usiyemjua haguswi. Na hata hiyo tuliyoiandika, kisakinishi kisimame kwanza kiulize kwa maandishi makubwa, "Umetoka wapi? Umebeba nini?" Mtu aandike jina la mashine kwa mkono, herufi kwa herufi. Asipoandika mtu, haifutwi. Tulirudisha lile swali tulilokuwa tumefurahi kulikwepa. Mzee Shija akacheka kidogo, kicheko cha kukohoa, akasema, "Uvivu wangu umefika mwisho wake leo."

Nakala ilipokamilika jua lilikuwa bado liko dirishani. Nitawaelezea kilichotokea kwenye ile diski, maana nilikuja kukielewa vizuri sana. Sisi diski tulikuwa tunazigawa vyumba viwili. Cha mbele ni Linux, cha nyuma ni data za zahanati. Kisakinishi kilifuta ramani ya vyumba, kikaanza na kile cha mbele. Lakini seva ya Holo ilikuwa mgonjwa. Feni haizunguki, joto linapanda, inazima kabla haijafika mbali. Mabula anaiwasha, inaanza tena upya tangu mwanzo, inafuta kile kile cha mbele, inazima. Chumba cha nyuma haikuwahi kukifikia. Ugonjwa aliotuletea ndio uliowalinda watu wake.

Lakini ramani ilikuwa imekwenda, na bila ramani huoni mlango. Mzee Shija alikuwa na mazoea ya kutotupa faili la majibu la zamani. Akalitafuta lile lililotumika tulipoipeleka Bukundi, akasoma chumba cha nyuma kilianzia wapi, akakichora upya kwenye nakala mahali pale pale. Akajaribu kukifungua, kikagoma. Akajaribu tena. Holo akasimama. Mzee Shija akasema bila kugeuka, "Chumba chenyewe kina nakala za ramani yake sehemu nyingine ndani. Naitafuta ya pili." Na hilo ni kweli, mifumo ya faili ya Linux huweka nakala hizo, nendeni mkasome. Akaipata. Akaandika amri moja, akakohoa, akabonyeza.

Mafaili yakajipanga kwenye kioo. Mabula akasema, "Ee Mungu," kwa sauti ndogo.

Tulihamishia zile data kwenye seva nyingine, programu ikawaka, ikaomba nywila ya nesi. Mzee Shija akainuka, akamwachia Holo kiti. Sisi watatu tukasimama nyuma yake tukisubiri. Holo akaweka vidole kwenye kibodi, halafu akaviondoa.

"Geukeni," akasema.

"Tugeuke wapi?"

"Ukutani. Hawa ni watu, na majina yao hayawahusu. Geukeni wote."

Tukageuka. Mzee Shija na mvi zake, Mabula na upana wake, na mimi niliyekuwa msimamizi wa chumba, tukatazama ukuta kama wanafunzi waliochelewa. Mbele yangu kulikuwa na kalenda ya mwaka uliopita. Nyuma yetu nilisikia kibodi, mara moja, mara moja, anateremka jina kwa jina. Anasema kitu midomoni, hatusikii. Mahali pengine anasimama, na mimi nilikuwa nasimama naye mpaka nisikie kile kidole tena. Nilisikia Mabula analia. Alikuwa analia kimya, mabega tu yanatikisika, na sikumgusa, kwa sababu na mimi nilikuwa natiririka.

Kidole kikanyamaza kabisa.

"Vipi, Holo?" nikauliza ukutani.

"Ngoja."

Tukangoja.

"Wapo," akasema. "Wapo wote. Na mtoto wangu wa kifafa, dozi yake mpya ipo."

Hakuna aliyegeuka, maana hakutwambia tugeuke. Nilimsikia akivuta pua.

"Na mzee wangu mmoja wa kisukari yumo," akaendelea. "Tulimzika wiki iliyopita. Sikupata nafasi ya kumtoa. Kwenye basi nilikuwa najiambia, mashine ikipona jambo la kwanza nimtoe yule mzee, orodha isinidanganye."

Mzee Shija akamuuliza kwa upole, uso bado ukutani, "Basi mtoe sasa, nesi, kabla hatujaweka nakala?"

Nilimsikia Holo akisogeza kiti.

"Hapana," akasema. "Leo abaki na wenzake."